Kupungua kwa Sahani Iliyojaa

Kuzungumzia kupunguza mwili huko Kivu ya Kaskazini kunaweza kuonekana kama utovu wa adabu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia hayajakoma kuuzunguka mji wa Beni. Familia za Oicha, Eringeti na Kamango zimeacha mashamba ya kakao na mihogo zikakimbilia mjini, na uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtu akiuliza ni nani hapa mwenye mwili wa kupunguza, ameuliza swali la haki. Lakini njaa na unene hukaa mtaa mmoja, na pengine ua mmoja. Mfanyabiashara wa Butembo anayeshinda dukani ameketi, anayepanda pikipiki hata kwa kilima kimoja tu, anayekula bugali mchana na bugali tena usiku, ndiye huyohuyo aliyewapokea nyumbani wakimbizi wa ukoo wake. Presha na ugonjwa wa sukari havitamngojea mpaka amani irudi. Tena njaa yenyewe huacha deni. Waholanzi waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 walipofika utu uzima walikutwa na matatizo zaidi ya sukari mwilini kuliko wenzao waliozaliwa kabla au baada yake. Kwa hiyo mkoa ulioona njaa nyingi una sababu zaidi, si chache, za kuangalia watu wake watakavyonenepa chakula kikipatikana.

Hoja yangu ni kwamba mtu wa Butembo au Beni anayetaka kupungua asipunguze sahani, bali abadili kilichomo. Sahani ibaki imejaa, ionekane imejaa, na mwenyewe anyanyuke ameshiba. Vitabu vingi vya afya humwambia anayepungua ale kidogo kisha achangamke, utadhani uchangamfu ni shati la kuvaa asubuhi. Ukweli ni kwamba uchangamfu hauishi na njaa. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 waliojitolea, walioteuliwa kwa uzima wa mwili na akili. Kwa majuma 24 walipewa wastani wa kilokalori 1,570 hivi kwa siku, kiasi ambacho leo kuna washauri wanaokiona kikubwa mno kwa mtu anayetaka kupungua. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Walipoteza na mengine pia: wakawa wakali na wazito wa moyo, wakajitenga na rafiki, hamu ya ndoa na masomo ikawatoka, mazungumzo yao yakageuka kuwa chakula tu, na baadhi yao wakakusanya vitabu vya mapishi wakivisoma usiku. Ni kweli vijana hao hawakuwa wanene tangu mwanzo, na mnene ana akiba ambayo wao hawakuwa nayo. Hata hivyo kilichowapata akilini kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kumwona mtu akijinyima kwa mwezi mmoja: hana subira na watoto, anahesabu saa za kula, na siku akishindwa hula chakula cha siku tatu. Watu husema huyo hana nia. Mimi nasema nia yake imefanyiwa kazi isiyoiweza.

Sababu ya pili ya kuitetea sahani iliyojaa ni macho ya watu. Katika miji hii kitambi cha baba na mikono minene ya mama ndani ya kitenge vimekuwa cheti kwamba nyumba ina chakula na biashara inatembea. Kukonda ghafla husomwa vibaya, wala si bure. Mwaka 1985 madaktari walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa mpya wa wilaya ya Rakai, Uganda, ambao wananchi waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu mpaka wakaisha. Ulikuwa UKIMWI, na kumbukumbu yake haijafutika upande wowote wa mpaka. Kifua kikuu nacho hukondesha. Basi mama akipungua kilo chache tu, sokoni ataulizwa, “Mama, uko mugonjwa?” Naye akichoka kujibu ataongeza bugali ili kuifunga midomo. Anayejipimia kijisahani chake pembeni, akila vitu ambavyo wengine hawali, amewapa watu ushahidi wa pili dhidi yake. Anayekula kutoka sufuria zilezile, sahani yake ikiwa kubwa kama ya shemeji yake, hawapi la kusema. Na lipo tusi la upande mwingine, la muuguzi au jirani anayemsema mnene kwa dharau akidhani anamsaidia. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2014, uliowafuata watu wazima kwa miaka minne, uliwakuta waliowahi kudharauliwa kwa ajili ya mwili wao wameongezeka karibu kilo moja, huku wasiodharauliwa wakiwa wamepungua kidogo. Aibu hunenepesha. Butembo na Beni hazihitaji kufundishwa kwamba ushauri wa afya unaokuja na amri na lawama hukataliwa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliowapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, maneno yaleyale yaliyopigiwa kelele yakitoka kwa wageni wenye walinzi yalisikilizwa yalipotoka kwa muuguzi wa mtaa.

Sasa tuingie jikoni, maana hoja hii huanguka au kusimama huko. Chakula cha kawaida cha mchana ni bugali la unga wa mihogo, pengine uliochanganywa na mahindi, sombe iliyopikwa kwa mawese na mara nyingine karanga, maharagi, na kipande cha samaki au nyama siku ikiwa njema. Hakuna adui humo ndani. Kasoro ni vipimo. Unga mkavu wa mihogo una kilokalori 350 hivi kwa gramu 100, na protini yake haizidi gramu mbili. Anayemaliza bugali la gramu 200 za unga amekula kilokalori 700 kabla hajagusa mboga. Kijiko kikubwa cha mawese kina 120, na sufuria ya sombe hunywa mafuta kimyakimya kuliko chungu kingine chochote. Kwa upande mwingine, gramu 100 za lengalenga iliyochemshwa hazifiki kilokalori 25, na kabichi ni vivyo hivyo. Maharagi yaliyoiva yana 130 hivi, pamoja na protini gramu nane au tisa na nyuzinyuzi zinazokaa tumboni muda mrefu. Fanya hesabu: kata bugali nusu, umeondoa 350, weka gramu 150 za maharagi na gramu 200 za lengalenga, umerudisha 245. Sahani sasa ni kubwa kuliko ya jana na ina kilokalori 105 pungufu. Sehemu ya mlaji huyo ikipungukiwa vijiko viwili vya mafuta, pungufu imekuwa 345, kwa mlo mmoja, na hakuna aliyenyanyuka na njaa. Mawese yasifukuzwe kabisa. Wekundu wake ndio chanzo cha vitamini A, na mboga za majani bila mafuta hata kidogo hazitoi faida yake yote. Kijiko kimoja kwa mtu kinatosha.

Viazi ulaya vinastahili kutetewa, kwa sababu vimesingiziwa. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kilokalori 240, kisha wakapima shibe kwa saa mbili. Kilichoshinda vyote ni kiazi kilichochemshwa, kilichoshibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Mtu wa Butembo anaishi chini ya milima ya Lubero na Masereka inayoteremsha viazi na kabichi, halafu anaambiwa na ukurasa fulani wa intaneti kwamba ili apungue atafute shayiri ya pakiti kutoka ng'ambo! Viazi vya kukaanga ni habari nyingine; hapo unanunua mafuta, kiazi ni chombo tu. Avoka nayo ni chakula kizuri, mradi ihesabiwe upande wa mafuta na si upande wa mboga: gramu 100 zina kilokalori 160 hivi, hivyo nusu ya avoka ndogo ikiingia, kijiko cha mawese kitoke. Samaki wa ziwa Edward, wanaopandishwa kutoka Kyavinyonga na Vitshumbi, ni protini nyingi kwa mafuta machache wakichemshwa na nyanya na vitunguu. Penye uzito wa bure ni kwenye vikombe na chupa. Bia kubwa ya sentilita 72 ina kilokalori 300 hivi, na wanaume wengi hawaishii kwenye moja. Soda ina sukari isiyoshibisha hata kidogo. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, na mandazi mawili pembeni, ni mlo mzima ambao hakuna anayeuhesabu kuwa amekula.

Sahani hii si ya kujifariji tu kwa sababu ni ya kwetu. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt waliona kwa miaka mingi kwamba Waafrika waliokula vyakula visivyokobolewa mno, vyenye nyuzinyuzi nyingi, hawakupata maradhi mengi yaliyojaa hospitali za Ulaya. Hoja yao ilikuwa ya uchunguzi wa macho, na wakosoaji walisema maisha ya pande hizo mbili yalitofautiana kwa mengi mbali na chakula. Jibu limetoka karibu zaidi mwaka 2025, katika jarida la Nature Medicine. Watafiti wa Moshi, Tanzania, na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya wa Kilimanjaro, wakawabadilishia baadhi yao chakula cha asili kwa chakula cha kizungu kwa majuma mawili, na wengine kinyume chake. Waliohamia soseji, mkate mweupe na chipsi damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani unaotangulia magonjwa ya moyo na sukari, nao waliongezeka uzito. Waliorudi kwenye maharagi, ndizi, mboga na nafaka zao walipata nafuu, na sehemu ya nafuu hiyo ilionekana hata majuma manne baadaye. Kundi la tatu lilipewa kwa wiki moja kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachuka, nalo likapata manufaa fulani. Wapenzi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wasishangilie mapema, kwani hakuna aliyepima kreti nzima ya Jumamosi. Kevin Hall wa Marekani alionyesha upande mwingine wa jambo hilohilo mwaka 2019. Watu 20 waliruhusiwa kula kadiri wapendavyo, majuma mawili vyakula vya kiwandani, majuma mawili vyakula vilivyopikwa kutoka shambani. Kwenye vya kiwandani walizidisha kilokalori 500 kwa siku bila kujua na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vya shambani walipungua kiasi hichohicho. Hakuna aliyewanyima chakula, na hili ndilo la kushika. Hata ndani ya mkoa wapo waliokwisha kulikubali: Waadventista, ambao chuo chao kiko Lukanga kusini mwa Butembo, wana mafundisho ya kula mimea, na utafiti mkubwa wa waumini wenzao wa Amerika Kaskazini uliwakuta wasiogusa kabisa vyakula vya wanyama wakiwa wembamba kwa mbali kuliko wanaokula nyama.

Wapo watakaosema shida si chakula, ni kukaa. Babu zetu walikula bugali kubwa wakalima mlimani, wakasukuma chukudu yenye magunia matatu, na hawakunenepa. Hoja hii ina ukweli nusu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza vipimo vya Wahadza wanaoishi karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, ambao huwinda, huchimba mizizi na kutembea kila siku. Ukiuzingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa ofisini wa Marekani na Ulaya. Mwili hubana matumizi kwingine unapofanya kazi nyingi. Kupanda mpaka Vulamba, mjini Butembo, kwa miguu, basi, hakutaziondoa bia mbili za jioni. Kuna faida nyingine ya kutembea, nayo ni kubwa: hushusha presha, hutuliza sukari, huleta usingizi, na hupunguza huzuni. Namshauri mfanyabiashara aiache pikipiki safari moja kwa siku kwa ajili ya moyo wake wa pande zote mbili, ule wa daktari na ule wa mshairi, na aache sahani ishughulikie kilo.

Pingamizi zito zaidi ni la bei na la usalama, na hapa sitajifanya kwamba kila mtu anaweza kuchagua. Tangu Kanyabayonga iangukie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, njia iliyoleta maharagi na mahindi ya Rutshuru imevurugika. Mashamba ya upande wa Beni hayaendeki bila hofu. Aliyelala kanisani kwa sababu kijiji chake kimechomwa hana haja na sura hii. Nawaandikia wenye kuchagua, nao kwa kawaida ndio wenye kilo za ziada. Kwao chakula ninachokitetea si ghali kuliko wanachokula sasa. Nyama ya kila siku, mayoneizi, soda, bia, soseji za kopo na mafuta ya duka ndivyo vinavyokula mfuko. Maharagi na lengalenga, hata bei ikipanda, hubaki vyakula vya chini katika soko lolote la Butembo. Kinachowazuia wengi si bei ya lengalenga, ni heshima yake: mwenye duka kubwa hataki mgeni aikute mezani pekee yake. Ndiyo sababu nasema ikae pamoja na samaki na bugali, kwa wingi, na isiitwe dawa.

Kisha kuna anayeuliza, uchangamfu gani Beni? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kumwambia mtu atabasamu. Utawala wa kijeshi ulioanza Mei 2021 haujayamaliza mauaji, na anayelala akisikiliza risasi halali. Usingizi huo uliokatika una njia ya moja kwa moja mpaka tumboni. Mwaka 2004 Karine Spiegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 saa nne tu kwa usiku mbili. Homoni ya njaa ilipanda kwa asilimia 28, ile ya shibe ikashuka kwa asilimia 18, na hamu yao ilielekea hasa kwenye sukari na wanga. Mama anayekula mandazi matano asubuhi ya usiku wa mapigano hajashindwa na tabia yake. Mwili wake unafanya ulichoumbiwa kufanya. Uchangamfu ninaoutaka ni huu mdogo: kutojilaumu, na kujua kwamba katika wiki za namna hiyo lengo ni kutoongezeka, si kupungua. Mlo wa jioni wenye maharagi na viazi, ukiliwa mapema na watu wa nyumba pamoja, hutuliza tumbo kabla ya usiku mrefu. Kwaya, sala, mazungumzo uani, ni sehemu kubwa ya tiba kuliko kuhesabu kilokalori, na sioni sababu ya kuona haya kusema hivyo katika kitabu cha afya.

Wauzaji wa chai za kupunguza tumbo wataahidi kilo tano kwa wiki. Chai hizo nyingi huendesha tumbo; kinachotoka ni maji na kinyesi, na kilo hurudi mtu akinywa maji. Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa 2002, wenye watu 3,234 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari, kundi lililoombwa kupungua asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza ugonjwa huo kwa asilimia 58, punguzo kubwa kuliko la kundi lililopewa vidonge vya dawa. Kwa mama wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Anabaki mama yuleyule ambaye soko linamjua, kitenge kilekile, na presha iliyoshuka. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Asiye na mzani aazime futi ya fundi cherehani apime kiuno mara moja kwa wiki. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda sentimita 80 na huwa kubwa 88, kwa mwanamume 94 na 102. Baada ya miezi michache namba itasimama, kwa kuwa mwili mdogo hutumia kidogo. Hapo wengi hukata tamaa na kukata chakula. La kufanya ni kupunguza bugali kidogo tena, kuongeza mboga, na kukubali kwamba mwezi wa kusimama bila kurudi nyuma ni mwezi uliofanya kazi.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aonane na muuguzi kabla ya kupunguza bugali, si baada, kwani dawa ileile juu ya wanga kidogo yaweza kuishusha sukari mpaka azimie. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga na aliye katika matibabu ya kifua kikuu waiache sura hii mpaka wakati wao. Na mtu anayekonda bila kukusudia, hata kama majirani wanamsifu, aende kupimwa wiki hiyohiyo.